Jibwa la Sebuleni

Mkunga hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Kazi ilikuwa imemtoa woga huo zamani. Katika zahanati aliyofanyia kazi alishapokea watoto waliotanguliza miguu, na mapacha ambao hata mama yao hakujua kuwa ni mapacha, na siku moja alimzalisha mwanamke kwenye ngazi, umeme umekatika, baba mtarajiwa amezimia pembeni na yeye anataka kupepewa. Damu kwake ilikuwa kama maji kwa dobi. Wauguzi wapya walipoanza kutetemeka aliwaambia, "Mtatetemeka baadaye. Sasa hivi nipeni taulo." Ndiyo maana yaliyompata Jumanne ile, sebuleni kwake mwenyewe, jua likiwaka vizuri nje, waliomjua hawakuyasadiki mpaka walipoyaona.

Mumewe alikuwa msomaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji. Yaani yule anayesoma kurasa kabla hazijaingia mtamboni, akiwinda makosa. Wenzake kazini walimbandika jina la Nukta. Kwanza, hakuna nukta iliyowahi kumponyoka. Pili, akishasema neno moja, basi, amemaliza. Walikuwa wamelea watoto wao wawili wakakua wakaenda kuanza maisha yao, na sasa nyumbani alibaki binti wa marehemu dada yake Mkunga, msichana aliyemaliza chuo na ambaye mtaa mzima ulimwita Sinema. Huyo tangu akiwa mdogo, mkimtuma chumvi dukani alirudi na hadithi, chumvi amesahau.

Mwaka ule Sinema alikuwa anatengeneza filamu ya kutisha. Ilihusu mtu ambaye mwezi ukipevuka hugeuka mbwa mwitu na kuanza kula majirani.

"Mbwa mwitu wenyewe umewaona wapi wewe?" Mkunga alimuuliza.

"Hata malaika sijawaona, Mama Mdogo, na watu wanawachora kila siku."

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Kamera ya kuazima, taa za kusomea, waigizaji waliolipwa kwa shukrani na soda. Msichana aliyekuwa aliwe na jibwa alijitoa katikati kwa sababu mchumba wake hakupenda, kwa hiyo Sinema ikabidi aelekeze filamu na kuliwa yeye mwenyewe. Mkunga aliyajua hayo yote. Aliambiwa pia kwamba wanarekodi nyumbani kwa rafiki, akaona ni sawa. Kumbe rafiki mwenyewe ni yeye, na nyumba ilikuwa ikitumika kila alipoondoka kwenda zamu.

Kilichomsumbua Mkunga siku hizo kilikuwa kingine. Nukta alikuwa amebadilika. Mtu wa maneno machache, sawa, lakini sasa hata yale machache yalikuwa yamekauka. Aliamka alfajiri akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, akitazama sakafu. Alirudi jioni viatu vimejaa vumbi, mtu anayeshinda mezani. Mkunga alinusa mashati yake, kama wanawake wengi walivyowahi kunusa mashati, akatarajia marashi ya mtu. Alikuta harufu ya gundi na nywele zilizoungua. Alirudia kunusa. Gundi na nywele. Akakosa hata pa kuanzia ugomvi.

Jumanne hiyo bomba kuu la zahanati lilipasuka. Maji yakakatika, wajawazito wakapelekwa kituo kingine, na wafanyakazi wakaambiwa warudi nyumbani. Mkunga alishika njia, mkoba begani, na ndani ya mkoba chupa yake ya chai ya chuma ikiwa imejaa, maana hakupata hata nafasi ya kuifungua.

Alikuwa anatafuta ufunguo mlangoni alipoisikia sauti ya binti yake ikilia ndani. Haikuwa sauti ya mtu aliyeona mende.

Akafungua.

Katikati ya sebule, juu ya shuka jeupe, Sinema alikuwa amelala chali, shingo imejaa damu. Juu yake liliinama jitu lenye manyoya, mgongo kama kilima, masikio yamesimama, pua ndefu, na kucha zimeshika koo la mtoto. Lilikuwa linanguruma.

Mtu mwingine angekimbia. Baadaye Mkunga mwenyewe alijiuliza kwa nini hakukimbia, maana milango ilikuwa wazi na miguu ilikuwa yake. Hakumbuki kuamua. Anakumbuka tu mkoba ukizunguka hewani na chupa ya chai ikitua kwenye ile pua kwa kishindo.

"Mwachie mwanangu!"

Jibwa likapepesuka. Akalipiga tena. Akalishika sikio, akavuta kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kuvuta, na sikio likang'oka, likabaki mkononi mwake likiwa na nyuzi. Akapiga yowe, akalitupa sikio, akarusha teke, na mguu wake mwingine ukakanyaga ile damu sakafuni. Akateleza. Akaanguka na jibwa pamoja, manyoya mdomoni, kilemba kimefika sijui wapi, na hata pale chini bado alikuwa anapiga.

Ndipo jibwa liliposema, kwa sauti ya upole iliyobanwa na pua:

"Mwenzangu! Mwenzangu, ni mimi!"

Mkono wa Mkunga ukaganda hewani. Sauti ilikuwa ya mumewe. Na hakuna kiumbe mwingine duniani aliyemwita Mwenzangu.

Ajabu ni kwamba aliamini. Mwanamke wa akili timamu, mwenye cheti ukutani, kwa muda wa pumzi moja aliamini kabisa kwamba mume aliyelala naye miaka yote hugeuka jibwa. Kila kitu kikakaa mahali pake: kuamka alfajiri, vumbi viatuni, harufu ya nywele, macho yasiyotaka kukutana na yake. Kumbe ndicho kilichokuwa kinamsibu maskini, alijisemea, na mimi namdhania mwanamke. Akasikia mpaka huruma. Kwa nini hakuniambia? Tungetafuta dawa.

"Kata! Kata!" Sinema alikuwa amekaa kitako, mzima, akifuta shingo kwa kiganja. "Mama Mdogo, si kweli! Ni sukari na rangi!"

Nyuma ya kochi alisimama kijana mpiga picha, mdomo wazi. Hakuwa amekata chochote. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka.

Jibwa likaanza kuhangaika na kamba ya kidevuni. Kichwa kikatoka, kilikuwa kofia ngumu ya pikipiki iliyobandikwa kwa gundi mkeka wa manyoya yaliyounguzwa na taa, na Mkunga akautambua: ule wa bafuni alioutafuta mpaka akakata tamaa. Chini yake ukatokea uso wa Nukta, umelowa jasho, na puani damu ya kweli ikichuruzika. Kucha zilikuwa vijiko vya plastiki vilivyochongwa.

Mkunga alibaki sakafuni. Alimtazama mumewe, akamtazama binti, akazitazama pazia zake zilizofungwa kwa kamba. Kila mtu alisubiri alie, au acheke, au atukane.

"Leo ni Jumanne," akasema.

Akatema manyoya ya mkeka.

"Ni Jumanne, na jua limeshapanda. Kwa nini hauko kazini?"

Nukta akakiweka kile kichwa magotini, akakishika kama mtu anayeshika kofia yake msibani.

"Hakuna kazi."

"Mmepewa likizo?"

"Hakuna kiwanda, Mwenzangu. Mitambo imeng'olewa. Pale sasa wanauza matairi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Mvua zilikuwa zimeshanyesha zikaisha. Mkunga alikumbuka asubuhi moja alivyomkimbilia na mwavuli hadi barabarani, kandambili zikiteleza, ili asichelewe. Asichelewe wapi? Alikumbuka mashati aliyoyapiga pasi. Mshtuko wa kwanza ulikuwa umempiga kifuani. Huu ulimwingia taratibu, kama maji ya baridi yanavyopanda kwenye nguo.

"Na chakula ninachokufungia?"

"Nakula. Kwenye benchi, nje ya posta." Akafikiri kidogo. "Nakula chote," akaongeza, kama vile hilo lingemtetea.

Sinema ndiye aliyemalizia, kwa sababu Nukta alikuwa ameshafika mwisho wa maneno yake. Alimkuta baba yake mdogo kwenye benchi hilo, akiwa na chombo cha chakula mapajani, na mzee akamwapisha asimwambie mtu. Wakati huo hakuna aliyetaka kuwa jibwa. Vijana wawili walilijaribu vazi wakatoka wakihema, wakasema joto lake ni la tanuri. Nukta akasema atavaa yeye. Hakuomba kitu.

"Ulikubali kupikwa humo ndani kwa ajili gani?" Mkunga akamuuliza.

"Humo ndani hakuna anayeniuliza habari za kazi."

Mkunga akainuka, akaleta maji na pamba, akamkamata pua bila upole. "Inamisha kichwa. Usimeze." Halafu, akiwa bado amembana: "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Siku nzuri ya habari mbaya umeiona kwenye kalenda gani wewe? Kila siku nawaambia wazazi kule, mficha uchi hazai. Kumbe nawahubiria wa nje, wa ndani amejifunika gubigubi."

Akambandika plasta juu ya pua, akakusanya shuka lake lililoharibika, akaingia chumbani, akafunga mlango. Ndipo alipotetemeka.

Nyumba ikawa ya baridi siku nyingi. Mkunga alizungumza na mumewe kupitia kwa Sinema. "Mwambie baba yako mdogo chai iko mezani," angesema, na baba mdogo mwenyewe amekaa mbele ya hicho kikombe. Kuhusu filamu alisema neno moja tu: picha ile ifutwe. Hakuzaa, hakusoma na hakuheshimika mtaani ili uso wake uje uchekwe kwenye upuuzi.

Sinema alikonda. Alimfuata jikoni akamweleza ukweli wake. Alikuwa ameshawaonyesha marafiki sehemu alizokwisha kurekodi, jibwa likila watu, mwezi, ukungu wa udi, kila kitu. "Nilitaka wakose usingizi, Mama Mdogo. Wakaupata. Wawili walikoroma." Ile ya Jumanne ndiyo pekee iliyokuwa na uhai.

"Uhai wangu," Mkunga akajibu. "Hukuniomba."

Binti akachukua ndoo, akatoka nje.

Aliyekuja kuomba alikuwa Nukta. Alisimama mlangoni mwa jiko Jumapili baada ya chakula cha mchana, akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema kwa mkupuo mmoja tangu siku ya posa. "Nakuomba uitazame. Mara moja tu. Ukisema ifutwe, nitaifuta kwa mkono wangu. Lakini itazame kwanza, kwa sababu mimi nimeitazama, na kuna kitu sikujua kama nilikifanya."

Wakavuta pazia, wakaketi mezani mbele ya kompyuta ya Sinema. Mkunga alijiona akiingia. Mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani. Aliona mkoba ukiruka, sikio likitoka, teke, kisha mguu wake ukiteleza.

"Hapo," Nukta akasema.

Nyuma yake, pale alipokuwa anaanguka, palikuwa na kona ya meza ya kioo. Jibwa, ambalo wakati huo huo lilikuwa linapigwa usoni, liliacha kujikinga. Mkono wake wenye vijiko ulipita nyuma ya kichwa cha mwanamke, ukaingia kati ya kisogo na ile kona, na ndio uliogonga kioo.

"Rudisha," Mkunga akasema.

Sinema akarudisha.

"Tena."

Tangu siku ile alikuwa ameuona mchubuko mkononi mwa mumewe, akajua ni wa chupa ya chai, tena akauonea fahari. Sasa alilitazama lile jibwa la mkeka wa bafuni likimshika kisogo, na mkono wake ukapanda wenyewe, ukagusa kisogo.

"Kwa nini hukujikinga?"

"Ulikuwa unaanguka."

Akaushika mkono wa mumewe, akaugeuza, akautazama ule mchubuko. Kisha akamgeukia Sinema. "Ukiiweka, iweke yote. Na mimi usinipambe. Lakini yale ya kazini," akasita, "hayo ni ya baba yako mdogo. Aseme mwenyewe."

Nukta alitazama meza. "Waache wasikie," akasema.

Ikabidi Sinema aipindue hadithi nzima, jibwa liwe na mke, na mke asijue.

Waliionyesha Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mikutano wa mtaa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, shuka ukutani, viti vya plastiki mpaka mlangoni. Wauguzi wa zahanati walikuja kundi zima. Walikuja pia watu waliofanya kazi na Nukta kiwandani, wake zao pembeni, kwa kuwa walisikia mwenzao ameingia kwenye sinema na wakadhani ni utani.

Mwanzo watu walicheka. Walicheka zipu mgongoni mwa jibwa. Walicheka kamba ya kofia. Jirani mmoja alipoliwa huku bado anashikilia simu yake, mtu akapaza sauti, "Piga picha basi utume!" Sinema alikuwa amejikunja kwenye kiti cha nyuma, ameuma kucha. Alitaka hofu, akapewa harusi.

Halafu mlango wa sebule ukafunguka kwenye shuka, na Mkunga akaingia.

Ukumbi ulipiga yowe kwa pamoja. Sikio liliponyofoka, mwanamke wa mstari wa mbele alirudi nyuma na kiti chake mpaka mapajani mwa mtu. Wauguzi walisimama wakishangilia kama uwanjani. "Mwenzangu, ni mimi!" likasema jibwa, na kelele zikakatika. Watu walikuwa wanapumua kwa midomo.

"Leo ni Jumanne," alisema mwanamke wa ukutani. "Kwa nini hauko kazini?"

Kicheko kilicholipuka hapo Mkunga hajawahi kukisikia tena. Watu walilala juu ya wenzao. Mzee mmoja alivua miwani akafuta macho. Kwa kicheko hicho walikosa maneno yaliyofuata, lakini la matairi walilisikia, na la benchi wakalisikia vizuri kabisa, na kicheko kikaanza kupungua, kiti kimoja baada ya kingine, mpaka ikabaki sauti ya feni.

Katika ukimya huo, mstari wa katikati, mwanamke mnene aliyevaa mtandio wa kijani aligeuka taratibu kumtazama mumewe. Mumewe alikuwa mfunga vitabu, mtu wa makamo, rafiki wa Nukta wa miaka yote kiwandani.

"Na wewe?" akamuuliza.

Mfunga vitabu hakugeuza shingo.

"Nakuuliza wewe. Si mlikuwa kiwanda kimoja? Jana umeniaga unakwenda wapi?"

Ukumbi mzima uliacha shuka ukawatazama hao. Kwa Mkunga ilikuwa kama amemwona mtu akianguka kwenye shimo ambalo yeye ndiye aliyeliacha wazi. Nukta, kando yake, alifumba macho.

"Twende nyumbani," mfunga vitabu akanong'ona, akianza kuinuka.

"Hatuendi popote." Mkewe akamvuta shati, akamkalisha. Kila mtu aliisikia sauti yake. "Kaa hapo. Nataka nione mwisho."

Wakauona mwisho. Hakuna aliyetoka. Jibwa lilipopitisha mkono nyuma ya kisogo cha mwanamke, picha ile iliporudishwa polepole, mwanamke wa mtandio wa kijani alilia waziwazi, na hakuliachia shati la mumewe.

Nje watu walizungumza mpaka jua likashuka. Walibishana ni wapi walipotishika zaidi, na wengi walikubaliana kuwa jibwa lenyewe halikutisha hata kidogo, kilichotisha ni lile swali la Jumanne. Sinema alizunguka katikati yao kama mtu aliyepigwa ngumi, akisikia watu wakiisifu filamu ambayo hakuipanga. Mfunga vitabu na mkewe walipita wakiwa kimya, wakielekea kwao, mke mbele, mume nyuma. Baada ya majuma machache habari zilisema wanazungumza. Baadaye tena, mfunga vitabu na Nukta walipata chumba karibu na chuo, mmoja akawa anasahihisha kazi za wanafunzi, mwingine anazifunga, na asubuhi wote wawili waliaga nyumbani wakitaja mahali panapofahamika.

Lakini jioni ile hayo hayakuwepo bado. Mkunga na mumewe walirudi kwa miguu, wakipita maduka yanayofungwa, na watu wasiowajua wakiwanyooshea vidole. Kwenye kona ya mtaa wao Mkunga alisimama.

"Niambie sasa hivi. Kuna kingine unachonificha?"

Alitarajia hapana ya haraka. Nukta akafikiri kwanza.

"Kipo," akasema.

"Nini?" Akamkamata mkono. "Nini tena?"

"Lile vazi. Watu wananionea huruma, wanadhani niliteseka." Akaangalia chini, kisha akainua macho, akamtazama mkewe sawasawa. "Nilifurahi, Mwenzangu. Kunguruma, kurukia watu. Sijawahi kufurahi hivyo maishani. Sinema akinihitaji tena, nataka."

Mkunga akauachia ule mkono. Alimtazama mwanamume huyu ambaye mashati yake ameyapiga pasi miaka yote, plasta imeacha alama puani, shati limechomekwa vizuri, akaona kwamba hamjui hata nusu. Mtoto mmoja aliyekuwa akipita na mama yake akamtambua Nukta kuwa ndiye jibwa, akakimbilia nyuma ya gauni la mama.

"Basi nguruma, tusikie," Mkunga akasema.

Naye, pale pale barabarani, akanguruma.